Rangi Moja Isipite Mara Mbili

Debrecen, Hungaria
Jumapili ya pili ya Februari, mwaka wa arobaini na nne tangu niondoke Gehandu

Mdogo wangu Paulina,

Shikamoo uliyoniachia kwenye simu niliisikia nikaiacha bila kuijibu. Naijibu leo: marahaba, dada yangu. Mgongo unaendeleaje? Palizi imefika wapi, na yule ng'ombe mwekundu aliyekuwa anachechemea amepona au mmemuuza? Nauliza haya nikijua kwamba mwenye haki ya kuuliza habari za palizi ni yule aliyewahi kushika jembe katika shamba hilo karibuni. Hata hivyo nimeuliza. Sijui kuanza barua kwa namna nyingine.

Mimi ni mzima. Magoti yananisumbua kwenye ngazi, maana nyumba yetu iko juu na lifti inapenda kulala. Huu ni msimu wa pili wa baridi tangu Ilona wangu afariki. Mchana nawachukua wajukuu shuleni, nawapa supu, nasikiliza wakigombana kwa Kihungari. Kiiraqw nakisema peke yangu tu, nikijigonga kidole kwenye meza. Mjukuu mdogo amelishika neno moja, basi kila akianguka analitamka vizuri kabisa, na mimi nashindwa kumwambia mama yake maana yake.

Sasa nije kwenye lile. Nitalieleza tangu mwanzo ingawa wewe unalijua, kwa sababu barua hii itasomwa mbele ya watu, na baadhi yao hawakuwepo.

Marehemu mume wako Lukas alivunja fimbo ya Mzee Margwe wa Dirma pale mnadani, watu wakiona, kwa ajili ya dume ambalo kila mmoja alisema yeye ndiye aliyelishika kwanza. Fimbo ya mzee ikivunjwa hadharani, nyumba mbili zinafungiana milango. Hazili pamoja wala hazizikani. Lukas alikufa kabla ya kulisafisha. Sasa mwanao Gabrieli anampenda Neema, binti wa Margwe, na Neema anampenda Gabrieli, na Margwe amesema kwamba ombi la msamaha lisipofika kwake kwa njia inayostahili kabla ya Pasaka, atawakubali watu wa Mbulu waliokwisha kuja kumposa binti. Hiyo ndiyo hali.

Kwetu ombi la namna hiyo halipelekwi na mwenye kosa. Linatoka nyumba hadi nyumba, kila mmoja akilipokea kwa aliyemtangulia na kulisogeza kwa anayefuata, mpaka lifike kwenye mlango uliofungwa. Na kila hatua inapita kwenye kamba yake: hapa kamba ya damu, pale ya ndoa, pale ya ubatizo, pale ya ujirani wa mpaka, pale ya ng'ombe aliyewekwa kwa rafiki. Kamba moja haitumiki mara mbili katika safari moja. Baba alikuwa akisema: neno likipita damu mara mbili limekuwa la ukoo, likipita ndoa mara mbili limekuwa la mahari, lipite kila kamba mara moja ndipo liwe la watu wote.

Mara nyingi mmeniuliza kazi yangu hasa ni nini, nami nimejibu "hisabati" ili tumalize maongezi. Kazi yangu ni hiyo hiyo, Paulina. Unaweka nukta kwenye karatasi, unaziunganisha kwa mistari, kila mstari unaupa rangi. Kisha unatafuta njia inayopita nukta hadi nukta bila kurudia rangi. Tunaiita njia ya upinde wa mvua. Swali ni lini njia hiyo lazima iwepo, na inaweza kuwa ndefu kiasi gani, hata kama mtu mwenye hila ndiye aliyepaka rangi. Kama kila nukta imeunganishwa na kila nukta nyingine, na hakuna nukta inayotoa mistari miwili ya rangi moja, tunaweza kuahidi njia inayopita karibu kila mahali. Neno "karibu" limetula miaka mingi. Nilikuja huku nikidhani nimekuja kujifunza kitu kipya, na mwalimu wangu aliponichorea swali hilo mara ya kwanza niliona mikanda ya shanga kwenye sketi ya ngozi ya bibi, na baba akituonyesha kwa kidole shanga gani ni nyumba ya nani. Sikumwambia mwalimu. Niliona aibu kwamba elimu yake inafanana na ya kwetu. Leo naona aibu kwamba niliona aibu.

Kwa hiyo Baba mdogo Yakobo aliponipigia Novemba, na nyuma yake nikasikia kikao kizima kikibishana, nilifurahi kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

"Wazee wanaojua kamba wamekwisha kufa," akasema, "na hawa vijana wanajua kamba za chaja tu. Lakini si tunaye profesa? Tufanyie hesabu bwana!"

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba, marahaba. Hesabu kwanza."

Nilichora. Nilitoa nyumba zote kichwani, kuanzia Mogitu, hapo hapo Gehandu, hadi Dirma, nikazipaka rangi kwa penseli za wajukuu. Nikaipata njia, nikaipiga picha, nikaiweka kwenye kundi la ukoo. Ombi litoke kwako Paulina liende kwa Baba mdogo Yakobo, kwa damu. Kutoka kwake liende kwa Mama Sesilia, kwa ubatizo. Kutoka kwa Mama Sesilia kwenda kwa Mzee Tarmo wa Dirma, kwa ndoa. Kutoka kwa Tarmo kwenda kwa Margwe, kwa ujirani, maana mashamba yao yamepakana tangu tukiwa watoto. Rangi nne, hakuna iliyorudiwa. Mkanipigia makofi ya simu, yale ya vikatuni. Mtu mmoja akaandika "Kichwa!" Niliisoma zaidi ya mara moja.

Wiki ile ile vijana wa chuo walinialika kwenye kikao chao cha wastaafu, nizungumze chochote. Niliwaeleza habari za Gehandu. Nilichora ubaoni nyumba zenu. Wewe ulikuwa nukta ya kwanza. Niliigiza sauti ya Baba mdogo Yakobo akisema "hesabu kwanza," kwa lugha yao, na wakacheka, na mmoja akasema hajawahi kusikia mfano mzuri kama huo. Niliwaambia kwamba wazee wangu sasa hivi wako njiani na ombi. Nilisema kama mtu anayesema ng'ombe wake wamejaa bonde. Nikarudi nyumbani nimeshika shada la waridi walilonipa, nikafungua simu, na sauti ya kwanza ilikuwa ya Baba mdogo.

"Profesa, hesabu zako zimetunyima maziwa."

Ndivyo nilivyojua. Mliniambia mengine kidogo kidogo baadaye. Kwamba Mzee Margwe aliwaacha wasimame uani. Kwamba alimsikiliza Tarmo mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa upole, "Mzee mwenzangu, leo umekuja kwangu kama jirani au kama mkwe?" Binti wa Tarmo ameolewa na mtoto wa kwanza wa Margwe, wana watoto. Ndoa hufunika mpaka. Kamba yenye nguvu ndiyo inayohesabiwa. Kwa hiyo ombi lilikuwa limepita ndoa kuja kwa Tarmo, na likapita ndoa tena kutoka kwake. "Mmeniletea habari za mahari," Margwe akasema, "na mimi sikuwauliza mahari." Kibuyu cha maziwa hakikutolewa. Mkarudi Mogitu kwa miguu, na Mama Sesilia na umri wake, jua likiwa utosini.

Picha za harusi ile nilitumiwa. Nimezitafuta kwenye simu nikazikuta, na chini yake jibu langu: "Hongereni sana, Mungu awabariki." Sikuwa nimezitazama. Bibi harusi alikuwa kama wa picha za harusi zote. Nilichora Dirma niliyoiacha, si Dirma iliyopo.

Lakini jambo linalonichoma zaidi ni lile nililoambiwa na Mama Sesilia nilipompigia kumwomba radhi. Nilimuuliza kwa nini hakuna aliyenisahihisha, maana nyote mlijua ndoa ile, mlicheza siku hiyo.

"Niliona mwanangu," akasema. "Hata Yakobo aliona. Tarmo mwenyewe aliguna. Lakini tukasema, huyu amesoma, labda huko wamegundua kwamba ujirani ukitangulia ndoa unabaki kuwa ujirani. Sisi ni nani?"

"Mama, nilikosea tu."

"Basi ungetuambia mapema kwamba na nyie mnakosea."

Alicheka, nami nikacheka naye, lakini nilipokata simu nilikaa na koti langu mwilini ndani ya nyumba yenye joto. Mlitembea hadi Dirma na kosa mkononi mkilijua ni kosa, kwa heshima yangu. Sijui mtu anailipaje heshima ya namna hiyo.

Ndipo wewe ukapiga, Jumamosi ile. Ulinisalimia kama kawaida, ukanieleza kwamba kikao kimekaa tena, na kila njia mliyoitafuta ilifika kwa Tarmo kwa ndoa, na bila Tarmo hamfiki kwa Margwe. Kisha ukauliza, polepole, kama unayeuliza mtu kama amekula:

"Kaka, mbona wewe hukujichora?"

Nilisema mtandao unakatika. Mtandao haukuwa unakatika.

Nakujibu sasa. Nikiwa nukta kwenye karatasi ile, hesabu haina ugumu wowote. Kutoka kwako kuja kwangu ni damu. Kutoka kwangu kwenda kwa Tarmo ni ng'ombe, kwa sababu baba alipojua naondoka aliweka mtamba kwa jina langu nyumbani kwa Tarmo, na uzao wake uko huko mpaka leo. Kutoka kwa Tarmo kwenda kwa Margwe ni ndoa. Damu, ng'ombe, ndoa. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza angeiona akiwa bado anavua koti. Mimi nilichora kila nyumba hata ya marehemu Babu Lohay ambayo imebaki mawe, na mahali pangu nikapaacha peupe. Ningependa kukuambia nilisahau. Sikusahau, na wala sikukusudia. Mkono ulipita pale kama mtu anavyopita mlango wa anayemwogopa.

Ulipomweka Mzee Tarmo kwenye simu ya picha siku ile ya pili, nilimwamkia, naye akasogeza uso kwenye kioo akakuuliza wewe, si mimi: "Huyu ni nani? Si ni marehemu Bura mwenyewe?" Ukamwambia ni Elifasi, mtoto wake. Akanitazama tena. Akaanza kusema Kiiraqw, haraka, na mimi nikakwama katikati, nikamwomba arudie kwa Kiswahili. Sitasahau jinsi alivyobadilisha lugha bila kunicheka, kama unavyompisha mgeni mlangoni.

"Mzee," nikamwambia, "si nilichukue ombi hapa hapa kwenye simu? Paulina ananipa, mimi nakupa wewe."

"Simu haina miguu," akasema. "Na mimi siwezi kumpa kiti mtu wa kwenye kioo. Ng'ombe zako wananijua mimi, wewe hawakujui. Ukija, nitakupokea, tutakwenda wote kwa Margwe hata kesho. Usipokuja, akae mwingine mahali pako."

"Basi akae Marta."

Nilisema upesi, nikajiona nimetatua. Marta ni binti wa marehemu kaka yetu mkubwa, ana nyumba yake Mogitu, na miaka yote hii ndiye anayepeleka magadi ya ng'ombe wale kwa Tarmo na kuuliza nani amezaa na nani amekufa. Sikujua hilo mpaka siku hiyo.

Tarmo akatikisa kichwa. "Marta anafaa kuliko wewe. Lakini baba yako aliweka ng'ombe kwa mtu aliyesema atarudi. Mtu akisema atarudi, kiti chake hakikaliwi. Angekuwa amekufa, tungempa mrithi. Wewe hujafa, na kila mwaka unatuma salamu kwamba mwakani unakuja. Sasa mimi nimpeje Marta kiti cha mtu aliye njiani?"

Na wewe ukamalizia, ukiwa nje ya kioo: "Kaka, njoo, au sema. Karatasi yenye mkono wako wataipokea."

Kwa siku nyingi nimekuwa nikitafuta jambo la tatu. Nimezoea kwamba kukiwa na mawili, ukichimba sana, kuna la tatu. Hakuna.

Nilijaribu kwanza kutafuta sababu ambayo ingewaridhisha. Nilifikiri niandike kwamba daktari amenikataza ndege. Hajanikataza, aliniambia nitembee zaidi. Nilifikiri niseme habari za pasi. Pasi ninayo, iko kwenye droo pamoja na miwani ya Ilona. Nilifikiri kuandika kwamba binti yangu hawezi kubaki na watoto peke yake, naye nilipomdokezea safari alisema, "Nenda Baba, tutajipanga." Milango yote iko wazi. Hiyo ndiyo aibu yenyewe, Paulina. Laiti ningekuwa na ukuta wa kuwaonyesha.

Ukweli ni mdogo na hauna sifa. Maisha yangu yako hapa. Kaburi la mke wangu liko hapa, na kila Jumatano naenda kufagia theluji juu yake. Watoto wanaoniita babu wanaongea lugha ambayo ninyi hamuijui. Nikija Gehandu nitapewa kiti kizuri na soda, na kuku atachinjwa, na mtaniuliza kama pilipili si kali. Ningekuja wiki tatu, nikashika kamba mkononi mbele ya Margwe, nikanywa maziwa ya ng'ombe ambao sijawahi kuwanywesha, nikapanda ndege, na mngeanza kunisubiri upya. Ombi lingefika kwa Margwe kupitia kwa mgeni aliyevaa jina la mtoto wa Bura. Margwe angeona. Ameona tofauti ya jirani na mkwe. Angeshindwa kuona hilo?

Kila mwaka nilipoandika "mwakani" nilidhani nawapa zawadi. Nilidhani mama atalala vizuri. Labda alilala. Lakini mwakani ile ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha Marta, na sasa imekaa mlangoni pa Gabrieli. Mwanao hajaniambia neno moja baya. Alinitumia picha ya gereji yake ya pikipiki pale Katesh, amepaka ukuta rangi mpya, akaandika, "Mjomba, ukipata nafasi." Basi. Ukipata nafasi.

Kuna mwanafunzi wa udaktari wa hapa, mtu wa Karatu, anayesafiri wiki hii. Nitampa barua hii, naye ataifikisha kwa mkono wake gerejini kwa Gabrieli. Baba mdogo Yakobo aisome. Asiruke sehemu za kunifedhehesha. Nimeziandika ili zisomwe. Ikifika kwenye maneno ya mwisho, Mzee Tarmo aishike karatasi mwenyewe. Baada ya hapo ombi litoke kwako Paulina kwenda kwa Marta kwa damu, kwa Marta kwenda kwa Tarmo kwa ng'ombe, kwa Tarmo kwenda kwa Margwe kwa ndoa. Na safari hii, kabla hamjaondoka, mwulizeni kila mmoja mbele ya mwenzake: kamba hii bado ndiyo? Mkiona nimekosea tena, nisahihisheni. Nawaomba.

Mpe shikamoo Baba mdogo Yakobo, umwambie hasira yake ilikuwa halali na utani wake ulikuwa mkali kuliko hasira. Shikamoo Mama Sesilia, mama wa ubatizo wa nusu ya ukoo. Nimemtumia soksi za sufu kwa ajili ya miguu iliyotembea bure. Shikamoo Mzee Tarmo, aliyewatunza ng'ombe wangu muda mrefu kuliko nilivyotunza chochote. Msalimie Marta, mtoto wa kaka yetu, na umwombe asikatae kwa unyenyekevu. Msalimie Gabrieli, mpwa wangu, na Neema, ambaye natumaini utaruhusiwa kumwita mkwe. Salamu kwa wanao wengine wote na kwa majirani wanaonikumbuka, na hata kwa wasionikumbuka.

Usilie barua ikisomwa. Au ulie, wewe unajua zaidi.

Ni mimi kaka yako,
Elifasi

Baba mdogo, kuanzia hapa usome kwa sauti, polepole.

Mimi Elifasi, mtoto wa pili wa Bura wa Gehandu, niliyewekewa mtamba nyumbani kwa Tarmo wa Dirma, natoa mahali pangu, pamoja na ng'ombe wote waliotokana na mtamba yule, kwa Marta binti wa marehemu kaka yangu. Kamba iliyo kati yangu na Tarmo kuanzia leo ni ya Marta na Tarmo. Niko hai, nina akili zangu, na hakuna aliyenilazimisha. Mtu yeyote asinisubiri. Sitarudi.